Mama Mkubwa Anajibu: Nina miaka 54, kumbe napenda ndege kuliko kamati za harusi

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwa watu waliovuka arobaini, na ukizisoma kwa pamoja utadhani wameambiana, maana kila mmoja anasema amefika umri fulani akakuta hajijui vile alivyodhani anajijua, alafu akaingia mtandaoni akakutana na watu wa aina yake, na sasa hajui hao watu awaweke wapi, ni marafiki, ni ndugu, au ni watu wa kwenye simu tu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu ndefu mpaka mhariri akalalamika, nimemwambia apunguze tangazo la sabuni.

BARUA YA KWANZA

*Shikamoo Mama Mkubwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nipo Korogwe, nina miaka 54. Watoto wote wameshaondoka, wa mwisho yupo chuo. Tangu nyumba iwe kimya nimegundua mambo mawili yananichanganya. La kwanza sipendi sherehe. Yaani nimekaa kamati za harusi, kichen pati, kikoba, zaidi ya miaka ishirini, nimefika mpaka kuwa mweka hazina, kumbe muda wote huo nilikuwa nachoka tu, nikirudi nyumbani kichwa kinagonga. La pili napenda ndege. Usicheke. Nyuma ya nyumba kuna mkuyu, ukizaa hondohondo wanakuja wanapiga kelele mtaa mzima unalalamika, mimi natoka na kikombe changu cha chai nawaangalia mpaka chai inapoa. Binti yangu aliniwekea programu ya Merlin, ile ya kutambua ndege, kwenye simu, mambo ya ndege hayohayo yakanifikisha kwenye grupu la WhatsApp la watazama ndege wa Afrika Mashariki, wengi wao hata sura siwajui. Nikiposti picha hata iwe mbaya kiasi gani kuna mtu atajibu. Sijawahi kuongea na watu kiasi hiki maishani, mimi ambaye dada zangu wananiita bubu. Sasa hao dada wanasema nimeanza kuzeeka vibaya. Na mume wangu, amestaafu, kutwa yupo kwenye bao, hajafurahi kwa sababu kuna baba mmoja wa Nairobi tunaandikiana sana, ni ndege tu, lakini simu inalia usiku. Je ni ujinga kuwaita hawa watu marafiki? Na hii hali ya kuchoka na watu wa hapa ni ugonjwa? – Mwalimu wa Ndege, Korogwe*

Marahaba Mwalimu. Kwenye ndege sijacheka, nimecheka kwenye mweka hazina, maana mtu asiyependa sherehe ndo huyohuyo wanampa hela akae nazo, wanajua hatanogewa akazila.

Dada zako wanaona umebadilika, mimi sioni hivo. Hao hondohondo ulikuwa unawapenda zamani tu, ila muda wanaokuja ulikuwa unamtafutia mtoto soksi, huku unawahi zamu shuleni, jioni madaftari ya kusahihisha, alafu mama mkwe anaumwa, alafu Jumamosi kamati. Mwanamke wa kwetu anaweza kumaliza miaka thelathini hajaulizwa na mtu anapenda nini, anaulizwa kuna mboga gani. Sasa nyumba imenyamaza ndo na wewe unajisikia. Wengine kimya hicho kinawatisha wanakimbilia kuomba wajukuu waletewe wajaze nyumba, wewe umetoka nje na chai yako, mi nakupongeza kwa kweli.

Na hili la kupunguza watu limechunguzwa sana. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, tangu miaka ya 1990 anafuatilia jinsi mahusiano yanavyobadilika mtu anapoongeza umri, na anachosema kwa kifupi ni kwamba mtu akianza kuona muda ulio mbele yake sio mwingi kama zamani, anaanza kuchagua. Kijana anakusanya watu, hajui nani atamfaa kesho, kwahiyo hata anayemboa anambeba. Mtu wa makamo anabakiza wale ambao akikaa nao roho inatulia, wa pembeni anawaachia waende zao. Na wengi waliopunguza hivo hawana huzuni, ukiwauliza wanasema wana amani kuliko walipokuwa na miaka 25. Dada zako wakikuita mzee wajibu ndio, na hii ndo faida yake.

Ila umeuliza kama ni ugonjwa na hapo sitaki kupita juujuu. Umri wako ndo ule wa hedhi kukoma, wanawake wengi inawakuta kati ya miaka 45 na 55, na kipindi hicho usingizi unakatikakatika, joto linakupanda usiku, hasira zinakuwa karibu, unaweza kuchoka na watu bila wao kukukosea kitu. Kama hayo unayo nenda kaongee na daktari, kuna msaada, sio lazima uvumilie kisa mama yako alivumilia. Kuna na sonona, lakini sonona ina tabia ya kuondoa ladha hata kwenye kile ulichokuwa unakipenda, na wewe nusu ya barua yako ni hondohondo, sioni sonona hapo. Siku wakija kwenye mkuyu ukawa huna hata hamu ya kufungua mlango, na hali hiyo ikaenda wiki mbili, usiniandikie mimi, nenda hospitali.

Sasa kamati. Hapa inabidi tuwe na akili, maana Korogwe sio Dar, mji mdogo mtu akijitoa wanaanza kutafuta sababu, ana dharau, kafilisika, kagombana na fulani. Kwahiyo usitangaze kujitoa, ukitangaza wataitisha kikao kuuliza nani kakuudhi na utakuwa umejiongezea kikao. Mchango peleka, tena wahi, anayewahi kulipa hakuna anayemfuata nyumbani. Msibani usikose, wa jirani, wa mzazi wa shuleni, hata kama utakaa nusu saa ukamenya vitunguu ukaondoka, msiba kwetu hauendi kwa kupenda au kutopenda na wewe siku yako ikifika utawahitaji haohao. Ila vile vikao vya Jumapili jioni vya kubishana rangi ya vitambaa na nani apewe chakula, hivo sema una kazi, na kazi kweli unayo. Kichen pati tuma khanga na bahasha kwa mkono wa dada. Kikoba, kama hela zako zipo ndani kaa mpaka mgawane, mzunguko mpya ukianza ndo usijiandikishe, ukitoka katikati huo ni ugomvi wa mwaka mzima. Baada ya mwaka hivi watakuwa wameshazoea, watasema mwalimu yule hana mambo ya vikao, na itaishia hapo.

Swali la marafiki. Mimi grupu nalipima kwa kuangalia watu wanafanya nini mle ndani. Kuna magrupu ya "wanawake tunaojitambua 50+" na mfano wa hayo, asubuhi unatumiwa ua na maneno ya hekima, mchana mtu anaeleza alivyoachwa, na kabla hujakaa sawa kuna anayeuza virutubisho vya magoti. Sisemi mabaya, kuna wanaopata faraja humo, lakini mle unajulikana kwa umri wako tu na matatizo yako. Grupu lenu lina kitu cha kufanya. Mtu akiposti ndege kajificha kwenye majani mnaanza kubishana mdomo wake, mkia wake, alikuwa juu ya mti au chini, sauti ilikuwaje, na katika kubishana hivo watu wanajuana tabia bila mtu kujieleza, nani anaharakia jibu, nani anakubali akisahihishwa, nani ana subira. Naamini hao watu wameshajua kwamba wewe huwezi kusema jina la ndege mpaka uhakikishe. Dada zako wamekaa na wewe toka utoto na hilo sidhani kama wanalijua. Kwahiyo waite marafiki, hauhitaji ruhusa yangu.

Tena hiyo sio michezo ya kupoteza muda. Hiyo Merlin inatengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell Marekani, ni bure, na ukishapakua orodha ya ndege wa ukanda wako inafanya kazi hata bando likiisha. Haohao walianzisha eBird mwaka 2002 pamoja na shirika la Audubon, pale mtu wa kawaida anaandika leo saa fulani nilikuwa mahali fulani nimeona ndege hawa na hawa, na wanasayansi wanazitumia hizo orodha kujua ndege gani anapungua, yupi anahama lini. Ulaya na Marekani waandikaji wamejaa, kwetu bado tuko wachache, orodha moja ya mwalimu wa Korogwe inaziba tundu kubwa kuliko orodha ya mtu wa London. Na kila mwaka tangu 2015, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, dunia nzima inahesabu ndege siku hiyohiyo. Andika kwenye kalenda, ukialikwa harusi siku hiyo una udhuru wa kimataifa.

Alafu angalia ulipokaa! Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kutazama Usambara, wewe unaiona ukifungua dirisha. Ukienda Muheza ukapanda juu unafika Amani, pale Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Kuna kandege pale kadogo kenye mdomo mrefu, kanashona majani kutengeneza kiota, kanapatikana pale Usambara Mashariki na kwenye mlima mmoja tu wa kaskazini ya Msumbiji, bas. Jina lake la kisayansi kamepewa kwa heshima ya Reginald Moreau, Mwingereza aliyekaa Amani kuanzia 1928. Na huyu Moreau, sikiliza, hakusomea ndege popote. Alikuwa karani wa ukaguzi wa mahesabu, akapelekwa Misri kwa sababu ya ugonjwa wa viungo, huko jangwani ndo akaanza kutazama ndege, mpaka akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Na hakufanya peke yake, alikuwa na Salimu Asmani, mtu wa hukuhuku, aliyekuwa anashinda kwenye viota na kuandika alichokiona, ila kama kawaida vitabuni mmoja kapewa ukurasa na mwingine mstari. Nakuambia hivi ili dada wakisema ndege ni kazi ya Wazungu uwe na jibu.

Ushauri wangu hao watu wa kwenye simu wapate miguu. Andika grupuni, mimi nipo Korogwe, shule zikifungwa nataka kupanda Amani, nani yupo Tanga, nani yupo Lushoto, nani yupo Moshi. Utashangaa. Kule Nairobi kuna matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia makumbusho ya taifa, ni ya Nature Kenya, chama ambacho asili yake ni ya mwaka 1909, na matembezi hayo mama mmoja anayeitwa Fleur Ng'weno ameyaongoza tangu miaka ya 1970, kwahiyo nani anasema ndege ni mambo ya kuzeeka vibaya, hao ndo wanazeeka wakiwa na miguu imara. Ukiwa na safari ya huko panga iangukie Jumatano. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, kama shuleni kwako kuna klabu ya Malihai, ile ya wanafunzi ya mazingira, imelala iamshe, watoto wana macho kuliko sisi, utapata wasaidizi wa bure.

Tuje kwa baba wa Nairobi sasa, maana nimeona umempitisha haraka haraka katikati ya sentensi. Unasema ni ndege tu. Nakuamini. Lakini jiulize ukiwa peke yako: siku grupu zima limejibu picha yako na yeye hajajibu, unajisikiaje? Kama husikii kitu, endelea. Kama kuna kitu kinakuchoma kidogo, bas ndege wameanza kuwa kisingizio na wewe ni mtu mzima unajua. Kwa vyovyote vile maongezi ya ndege yarudi grupuni, mule yanamfaidisha kila mtu, na usiku simu ikae kimya, bundi mwenyewe hatumi meseji saa tano. Mume wako mwoneshe. Simaanishi umpe simu akague, hapana, hujafanya kosa, ila muite siku hondohondo wamekuja mkae naye hata dakika kumi. Huyu ni mtu amestaafu kakimbilia bao kwa sababu na yeye nyumba imemnyamazia, na sasa anaona mke wake amepata pa kwenda na yeye hajaalikwa. Inawezekana akakataa, akasema hana muda wa kuangalia kunguru wakubwa. Sawa, lakini utakuwa umemwalika, na wivu wa mtu aliyealikwa akakataa una sauti ndogo.

La mwisho na hili nalisema kwa uzito. Umetaja usiku. Kama unatoka kutafuta bundi, usitoke peke yako na usitoke kimyakimya. Mimi na wewe tunajua mwanamke wa umri wetu akionekana gizani anamwangalia bundi juu ya mti watu wataanza kusema nini, na nchi hii wanawake wameshauawa kwa maneno ya namna hiyo. Waambie majirani mapema, waoneshe picha, nenda na mwanafunzi au mtoto wa jirani na tochi ionekane. Na kama unaweka picha zako kwenye iNaturalist, ule mtandao wa kuposti picha za wanyama na mimea, kuna sehemu ya kuficha eneo halisi, ile ya nyuma ya nyumba yako ifiche, dunia nzima haina haja ya kujua mkuyu wako ulipo.

BARUA YA PILI

*Mama Mkubwa habari za kazi. Nina miaka 46, fundi friji, Mwanza. Nina kigugumizi tangu mdogo, wateja nawaandikia meseji maana nikipiga simu wananikatia wanadhani mtandao mbovu. Mwaka jana nikapata grupu la Telegram la watu wenye kigugumizi, tunaandika tu. Kwa mara ya kwanza nikagundua vitu nilivyodhani ni ujanja wangu, kama kubadilisha neno katikati au kujifanya nimesahau jina la mtu, wote wanafanya. Nimejijua zaidi ndani ya mwaka mmoja kuliko miaka yote. Sasa admini anasema kila Jumapili tukutane kwa sauti. Nimekaribia kulefti. – Fundi, Mwanza*

Fundi usilefti. Naelewa kabisa hofu yako, kwenye maandishi mko sawa na watu wote duniani, na sauti ndo ilipo aibu yote toka darasa la kwanza. Lakini hebu fikiria, hiyo Jumapili ndo itakuwa mahali pekee ambapo ukikwama kwenye "m" watu wote waliopo wanajua hasa kinachoendelea na hakuna atakayekumalizia neno.

Kwa ambao hawajui, watu wazima wenye kigugumizi ni kama mmoja katika kila mia, wanaume wengi kuliko wanawake, na huwa kinaanza utotoni kwenye miaka miwili mpaka mitano. Hakiletwi na woga wala mtoto kutekenywa sana wala mama kufanya hiki au kile akiwa mjamzito, ni jinsi ubongo unavyopanga usemaji na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Watoto wengi kinawaisha chenyewe. Aliyefika nacho miaka 46 kama wewe aache kusubiri kiishe, ajifunze kuongea nacho.

Jumapili ya kwanza ingia, zima maiki, zima kamera, sikiliza tu. Nataka usikie mtu mwingine amekwama pale pale unapokwama wewe, alafu akaendelea, na hakuna kilichotokea. Hiyo kwenye maandishi huwezi kuipata. Ukishazoea sema jina lako na mji wako, jina ndo gumu kuliko vyote, wenyewe mnajua. Mwombe admini aweke sharti moja, hakuna kumalizia mtu neno hata akichukua dakika. Na wateja, ukipiga simu anza na "mimi fundi, nina kigugumizi, nisubiri kidogo", ukishalisema mwanzo unakuwa hauna tena cha kuficha na mara nyingi hata maneno yenyewe yanatoka vizuri zaidi. Tarehe 22 Oktoba ni siku ya kimataifa ya kigugumizi, grupu lenu lingeweza kurekodi kitu siku hiyo, wapo watoto darasani leo wanajifanya hawajui jibu.

BARUA YA TATU

*Shikamoo. Nina miaka 27, naishi Dar, mama yangu ana 61 yupo Tabora peke yake. Nilimnunulia simu janja ili tuwasiliane, matokeo yake yupo kwenye grupu la wapenzi wa muziki wa dansi wa zamani asubuhi mpaka usiku, saa tatu usiku hapokei simu maana wanatumiana nyimbo na kukisia bendi. Juzi katuma hela, mchango wa mgonjwa wa kwenye grupu ambaye hajawahi kumwona. Nifanyeje apunguze? – Kijana wa Dar*

Marahaba mwanangu. Kwahiyo mama yako alikuwa anakaa peke yake Tabora hana wa kuongea naye, amepata watu wanaoikumbuka Tabora Jazz na Nuta Jazz kama anavyoikumbuka yeye, na wewe unataka apunguze. Umemnunulia simu mwasiliane, sawa, wewe unampigia mara ngapi kwa wiki? Usinijibu.

Hela ndo hoja. Sio kila mchango ni utapeli, magrupu mengi yanazikana kweli na kuuguzana kweli, hiyo ni kawaida yetu imehamia kwenye simu. Mama yako anajua utaratibu wa mchango kuliko wewe, mkumbushe tu autumie: anayekusanya ni nani, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala ndo lile lililotangazwa au ni lingine, mgonjwa yupo hospitali gani, kuna mwanagrupu yeyote wa mji huo aliyeenda kumwona. Kama hakuna aliyeenda, asitume. Na akitumiwa meseji zile za "hela tuma kwenye namba hii" asijibu, aifowadi kwenda 15040 ambayo ni bure ya kuripoti matapeli. Siku ukienda kumtembelea kaa naye na simu yake, piga *106# muangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, usije ukakuta kuna laini ya mtu. Kwenye WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita, na kwenye faragha weka kwamba watu anaowajua tu ndo wanaweza kumuingiza kwenye magrupu. Mwongezee ukubwa wa maandishi pia, miaka 61 anasoma kwa kukunja uso na hatakuambia.

Alafu mwombe akuingize kwenye hilo grupu. Utakuwa unaona mwenyewe nani anaomba hela, na saa tatu usiku unaweza kukisia bendi na wewe, ingawa nakuonya wale wazee hawana huruma, ukikosea kati ya Western na Morogoro Jazz watakutaja wiki nzima. Simu ya kawaida mpigie saa kumi na mbili jioni, akiwa anasubiri ugali uive.